Magendo ya Mukeke

Kwa heshima zote natangaza kwamba mimi, Michée, mwanafunzi wa internat, shule ya bweni, nimeteuliwa kuwa Waziri wa Uji katika nyumba yetu ya Nyamianda. Yaani tantine Sabine alinipa kijiko, akaenda sokoni.

Raia wangu ni mmoja: babu yangu, Tate Venant, baba yake tantine. Ana kansa kwenye umio, pale chakula kinaposhukia. Waganga wa hospitali ya Bukavu walisema haiwezi kupasuliwa. Wakamwekea kibomba cha wavu ili njia isizibe. Hakimponyi, walisema, kitamsaidia kumeza kwa muda uliobaki. Tantine alisikia “kumeza” tu, akaapa kumlisha uji mpaka apone.

Tate aliuchoka ule uji. Alianza kufunga mdomo, na mashavu yakazidi kuingia ndani.

Basi serikali yangu ikaingia magendo. Kila tantine alipotoka, nilichemsha mukeke, samaki wa ziwani, nikamtoa miiba, nikamtwanga kwenye kinu cha majani ya sombe na kumchuja mpaka akawa laini kama supu. Tate alikaa wima, akameza polepole, akashushia maji. Tulicheka bila sauti, kama wezi wa kuku.

Jana tantine alirudi mapema, pamoja na Noella, muuguzi anayemtembelea Tate.

“Weye Michée, hii harufu iko ya nini?”

“Iko ya dawa, tantine.”

“Dawa ya magamba?”

“Muache mutoto,” Tate akasema. “Dawa iko muzuri. Inakosa ndimu tu.”

Tantine akamgeukia Noella, machozi yakimlengalenga. “Unaona? Anataka kuniulia baba.”

Noella akashangaa. “Lakini nilimuambia huyu mutoto juma lililopita. Samaki laini, bila mwiba, inafaa. Mzee akule chenye anapenda. Hakukuambia?”

“Kumbe minye niko naficha bure?” Tate akauliza.

Wote wakanitazama. Uwaziri ukaishia hapo.

“Aliniambia,” nikasema. “Nilinyamaza. Ungejua, tantine, ungepika weye, ungekaa weye hapa kando ya kitanda, na minye nitarudi internat juma lijalo. Likizo ijayo sijui kama nitamukuta. Nilitaka tukuwe na kitu cha kuficha, minye na yeye tu.” Nikatazama kijiko. “Na tena ungeniuliza sababu gani sasa wanamuachia akule chenye anapenda. Sikutaka kuwa minye wa kukuambia.”