Chokaa ya Wageni

Kwa miaka minne mwalimu mkuu Zuurakan aliiomba serikali kitu kimoja tu, tena si kikubwa: mtu aje autazame ufa. Ufa wenyewe ulianzia chini ya dirisha la darasa la saba, ukapanda mshazari hadi darini, na pale katikati mkono wa mtoto uliingia hadi kifundoni. Shule ya kijiji cha Kara-Bulung ilijengwa kwa udongo na babu za hawa waliopo, enzi ambazo mtu akikosa siku moja ya kazi alisemwa mwaka mzima. Tangu hapo serikali imeipa makaa ya mawe, chaki na picha za viongozi. Ukuta haujapewa kitu.

Barua zake zilijibiwa, tusiwaonee watu. Kila jibu lilisema ombi limepokelewa, na kila jibu lilikuwa na mhuri mzuri. Mwaka wa pili karani mmoja wa wilayani akamwonea huruma.

"Dada yangu, ufa bila ushahidi ni mstari tu," alimwambia. "Bandika kipande cha karatasi juu yake, uandike tarehe. Kikichanika, basi ufa unatembea. Wahandisi wanaamini hicho kuliko machozi yako."

Akafanya hivyo. Alikata kurasa za daftari, akazibandika kwa uji wa ngano, na zote zilichanika, moja baada ya nyingine. Hakuziondoa hata moja. Kufikia vuli hiyo vipande vilikuwa kumi na tisa, vimepangana toka dirishani hadi juu, na watoto waliviita bendeji. Tarehe ziliandikwa na Aizirek, binti wa miaka kumi na tatu aliyekaa kando ya ukuta huo, kwa sababu hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya mwalimu. Zuurakan alijivunia ule ukuta mchafu. Ulikuwa kazi yake ya miaka miwili.

Mwezi wa Oktoba ikasikika kwamba tume inapita kuchagua shule za kujengwa upya. Orodha hiyo huandikwa mara moja kwa miaka mitano, na Kara-Bulung haikuwa hata kwenye njia yao. Zuurakan akajifunga kibwebwe, akaenda wilayani, akakaa kwenye benchi la ukumbini siku mbili nzima. Siku ya pili mchana, mhandisi wa tume, mtu mpole aitwaye Ernazar, akachoka kumruka miguu.

"Kesho," alisema. "Lakini twende wote. Hiyo barabara yenu sisi hatuijui."

Kwa furaha Zuurakan alipiga simu kijijini, kwa Mzee Sherikbai, mwenyekiti wa wazazi. "Mzee, wamekubali. Tume inafika kesho saa sita." Hakusema zaidi ya hapo, maana hakuona kuna zaidi. Na hapo ndipo alipokosea. Yeye ni mzaliwa wa pale, alizaliwa mtaa wa tatu kutoka shuleni. Alipaswa kujua kwamba watu wa Kara-Bulung hawaambiwi wageni wanakuja kisha wakaachwa bila msimamizi.

Kesho yake gari lilipozunguka kona ya mwisho, aliiona shule kutoka mbali kuliko alivyowahi kuiona. Ilikuwa nyeupe. Ilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho.

"Kumbe mna shule nzuri," Ernazar alisema.

Zuurakan alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa gari. 

Getini walijipanga watoto na maua, kina mama na masinia ya boorsok, vile viandazi vya kukaanga, vya moto bado, na mbele yao Mzee Sherikbai na kofia yake nyeupe ya manyoya ya kondoo. Nyusi zake zilikuwa na chokaa.

"Umeona, binti yangu?" alimnong'oneza Zuurakan kwa fahari. "Tuliita ashar, kijiji kizima kazini, jana hiyohiyo, ulipokata simu tu. Kila nyumba imetoa mtu. Wewe umehangaika huko peke yako, tukasema hatukuachii aibu hii uibebe. Hata Toktobubu mfagiaji kapaka, na ule mguu wake mbovu."

"Mmepaka ndani pia?"

"Ndani ndiko tulikoanzia. Mgeni anakaa nje?"

Alikimbia. Mwalimu mkuu wa miaka hamsini na sita, mbele ya tume, alikimbia. Darasani kulinukia chokaa mbichi. Ufa haukuwepo. Ulikuwa umeshindiliwa udongo na makapi ya ngano, ukasiribwa, ukapakwa, na juu yake, toka dirishani hadi darini, kulikuwa na nakshi ya pembe za kondoo kwa rangi ya buluu, ile inayoshonwa kwenye mazulia ya nyumbani. Aizirek alisimama pembeni na brashi mkononi, anasubiri kusifiwa.

"Karatasi zangu ziko wapi?"

"Zile chafu?" Toktobubu, mfagiaji wa shule, alikuwa akipangusa madawati. "Nimezichoma kwenye jiko hili la darasani, mwalimu, ukuta ukauke upesi."

Ernazar aliingia, akautazama ukuta, akaugonga kwa kidole. "Haya, mwalimu. Ufa uko wapi?"

"Hapa. Chini ya hii nakshi. Unapita mkono."

"Na zile karatasi za tarehe ulizonieleza?"

Toktobubu akainamisha kichwa ghafla, akaendelea kupangusa dawati lililokwisha kupanguswa. Zuurakan akachukua rula ya mbao mezani, akaanza kuparua ukuta. Chokaa ilimwagika kwenye viatu vyake. Mzee Sherikbai akamshika kiwiko.

"Acha, Zuurakan. Watu wamekanda udongo kwa miguu mitupu, na maji yale ya mto unayajua. Unawavua nguo mbele ya mgeni."

"Mzee, niache nifanye kazi yangu."

"Kazi gani? Kubomoa?"

Kipande cha ukubwa wa kiganja kikaanguka. Nyuma yake kulikuwa na udongo mbichi, na nyuma ya huo udongo mwingine. Ernazar alichuchumaa, akautazama kwa makini, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera zaidi katika kisa hiki.

"Mimi naona ukarabati," alisema taratibu. "Ukarabati mpya. Siandiki ninachoambiwa, mwalimu, naandika ninachokiona. Nina shule thelathini na nafasi tatu. Huko bonde la juu watoto wanasoma na mwavuli."

"Niwaite basi waubomoe. Nusu saa tu."

"Wakibomoa leo, nitaandika wamebomoa leo."

Kondoo alikuwa ameshachinjwa. Wakala. Kichwa cha kondoo alipewa Ernazar, kama anavyostahili mgeni wa heshima, naye alikikata vizuri, akawagawia wazee, akasifu chai. Halafu, kwa kutaka kuwafurahisha wenyeji wake, akasoma fomu yake kwa sauti: jengo linafaa kutumika, jamii inaichangia shule yake kwa moyo wote, kwa hiyo shule si ya kupewa kipaumbele. Aliyatamka hayo ya mwisho kwa upole uleule, na watu wakasikia lile la moyo wote tu. Wakapiga makofi. Zuurakan naye alipiga, maana mikono yake haikujua ifanye nini kingine.

Gari lilipoondoka akawaeleza. Hakupaza sauti. Aliwaambia orodha ni ya miaka mitano, na kwamba kabla ya miaka hiyo kwisha yeye atakuwa amestaafu na watoto hawa wote wameoa na kuolewa. Kina mama walishika masinia matupu vifuani. Furaha iliwatoka usoni polepole, na kuitazama ikiwatoka kulimuuma kuliko fomu yenyewe.

"Si ungetuambia tusipake," Mzee Sherikbai alisema mwishowe.

"Ningewaambia, mngenisikiliza?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," alisema.

Aizirek alimfuata hadi mlangoni. "Mwalimu, kwani tulipaka vibaya?"

"Hapana, mwanangu. Mmepaka vizuri mno."

Januari baridi ilikaza, na ufa ukarudi. Ulipita katikati ya pembe za buluu, ukazigawa. Zuurakan akabandika kipande kipya, Aizirek akaandika tarehe, na siku ya tisa kikachanika. Akabandika cha pili. Hakuwa na wa kumwonyesha, lakini kuacha kungekuwa kukubali, na alikuwa hajakubali. Usiku hakuwaza tena jengo jipya. Aliwaza upande ambao ukuta ungeangukia, na nani anakaa hapo.

Mwezi wa Machi ikaja barua ambayo hakuiomba. Wakaguzi wa usalama wangepita Jumanne, idara nyingine kabisa, wasio na jengo la kumpa mtu. Wao hawajengi, wanafunga. Wakiona ufa wazi wanatia lakiri mlango, na wanafunzi wa madarasa ya juu wanahamishiwa shule ya ng'ambo ya mlima, kilomita kumi na nne, bila gari.

Baba yake Aizirek, Kubat, mchungaji asiyependa maneno mengi, alipata habari akaja mwenyewe getini, farasi wake akiwa bado na jasho.

"Mwalimu, nisikuzungushe. Angekuwa mvulana ningempandisha farasi, aende. Msichana simtembezi njia ile kwenye theluji. Mkifungwa, atakaa nyumbani amsaidie mama yake. Usinilaumu."

"Anaongoza darasa, Kubat."

"Najua. Mimi ndiye ninayesomewa barua naye."

Hakumlaumu, na heri angeweza. Kati ya watoto kumi na mmoja wa darasa lile, wasichana walikuwa saba, na baba zao alikuwa anawajua wote. Alikaa darasani baada ya masomo, barua mapajani, akiutazama ufa kwa chuki. Ukionekana, watoto wanabaki majumbani. Usipoonekana, wanakaa chini yake. Miaka minne aliwasumbua watu wautazame. Sasa aliona aibu hata kuutazama mwenyewe. Akachukua simu.

"Mzee, Jumanne tuna wageni."

Tangu Oktoba neno hilo halikuwa likitajwa mbele ya Mzee Sherikbai. Alikohoa. "Wageni gani?"

"Wa kufunga."

"Na wewe unataka tufanye nini?"

"Mna chokaa?"

 Alisikia mzee anaweka kikombe chini. "Binti yangu, ule ukuta si unakuja upande wa watoto?"

"Unakuja."

"Nawe unaniambia nilete chokaa?"

"Nakuomba, mzee. Safari hii nakuomba."

Walikuja Jumapili, kila nyumba mtu mmoja, na hakuna aliyekuja na boorsok wala utani. Zuurakan alivua viatu, akakanda udongo pamoja nao, maji ya barafu yakimkata nyayo. Alishindilia ufa kwa mikono yake. Vipande viwili vya karatasi alivibandua mwenyewe, na Toktobubu aliponyoosha mkono avipokee, alikataa, akavitia motoni yeye. Aizirek akachora upya pembe za buluu. Alizichora vilevile, hakukosea hata mkunjo mmoja.

Jumanne wakaguzi walitazama ndoo ya mchanga, wakahesabu madirisha yanayofunguka, wakapita karibu na ukuta bila kuugusa. "Kungekuwa safi hivi kila mahali," mmoja wao alisema, akatia sahihi. Walikula, wakaenda zao.

Jumatano asubuhi kabla ya kengele Zuurakan aliyasukuma madawati yote upande wa mlangoni, mbali na dirisha. Watoto walikaa watatu watatu, wakisukumana viwiko.

"Mwalimu, mbona tumebanana huku?"

"Huku kuna joto."

Hakukuwa na joto. Jiko lilikuwa upande ule mwingine. Meza yake akaivuta hadi ukutani, chini ya pembe za buluu, akakaa, akafungua daftari la mahudhurio. Alikuwa amefika jina la nne aliposikia nyuma yake mchanga unateremka ndani ya ukuta, kidogo, kama unga unaochekechwa. Chembe chache zikamwangukia begani. Hakugeuka.

Aizirek alikuwa ameziona. Bila kuambiwa, kama alivyozoea, alichana ukingo wa ukurasa wake, akaandika tarehe kwa ile hati yake nzuri, akasimama aulete.

"Kaa chini, mwanangu," Zuurakan alisema.

"Lakini mwalimu, unatembea."

"Najua. Kaa. Hiyo karatasi itie mfukoni, na mtu asiione."

Aizirek aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akakaa. Zuurakan akapangusa bega, akaita jina la tano.