Udongo Usiotiwa Kitu

Dokta Dionis Mgaya alikuwa mtaalamu wa vichocheo, yaani vile vitu vinavyoharakisha kazi ya vingine huku vyenyewe vikibaki vilevile. Wenzake chuoni Njombe walisema amefanana na somo lake: wanafunzi wake walipanda vyeo, yeye akabaki dokta.

Jina alikuwa amelipata miaka sita nyuma. Jikoni kwa shangazi yake Telesia, huko Wanging'ombe, alichukua kiroba cha pemba, vile vijiti vya udongo mweupe wanavyotafuna wajawazito. Shangazi aliuchimba mwenyewe, akaufinyanga na kuuoka. Dionis akavisaga, akautia unga wake kwenye mafuta machakavu ya kukaangia chipsi pamoja na spiriti, akapasha moto. Saa mbili tu, chupa ikawa na matabaka mawili: gliserini chini, dizeli juu. Akaandika makala kwamba udongo mtupu wa Njombe, usiotiwa kitu, unatosha. Makala ikasomwa hadi ng'ambo. Naye akampigia shangazi simu kwa sauti ya kitaalamu: kuanzia leo udongo usiongezwe chochote, ubaki kama Mungu alivyouumba. Shangazi akajibu sawa. Msomi wa ukoo akisema, nani abishe?

Kiroba cha kwanza kikaisha, na kilichofuata kikagoma. Aliusuuza udongo kwa maji yaliyochujwa mara tatu, ukagoma. Akauoka kwa nyuzi mia nane, ukagoma. Akatuma kopo Ujerumani. Mashine za huko zikajibu kwamba udongo ni safi kabisa. Ulikuwa safi kweli, na huo ndio uliokuwa msiba wake. Miaka sita mtu mzima alihangaika, akifika mahali pa kuwashuku hata wafagizi wa maabara.

Kisha ikaja barua: jopo la kupandisha vyeo, likiongozwa na Profesa Erica, litafika Njombe kulishuhudia jaribio lile kwa macho. Jaribio likifanikiwa, Dionis atakuwa profesa. Likishindikana, basi tena, maana kustaafu nako kulishaanza kupiga hodi.

Ilibaki wiki moja alipokwenda Makambako kupokea vifaa vilivyotumwa kwa basi. Akapita sokoni kwa Rukaya, mfanyabiashara aliyekuwa akiziuza pemba za shangazi. Rukaya akalalamika bila kumung'unya maneno: pemba za Mama Telesia siku hizi hazina ladha, wateja wamehamia kwingine, na yote kwa sababu mtoto wa kaka yake, msomi sijui wa nini, alimkataza kuuloweka udongo kwenye maji ya majivu.

"Majivu gani?" akauliza Dionis.

"Ya maganda ya maharage. Si ndiyo magadi yetu?"

Dionis alikaa kwenye gunia la viazi bila kukaribishwa. Majivu ya maganda ya maharage yamejaa potasiamu, na potasiamu ndiyo inayoifanya kazi ile. Yeye mwenyewe huwafundisha hivyo mwaka wa kwanza kila Novemba. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

Siku ya jopo alikuja na udongo aliouloweka kwa mikono yake. Dizeli ikaelea juu, rangi yake kama chai isiyo na maziwa. Wajumbe wakapiga makofi. Profesa Erica akaiinamia chupa.

"Umeongeza kitu?"

Uprofesa ulikuwa umbali wa neno moja, "hapana", na Dionis alilitamani neno hilo.

"Majivu," akasema. "Ya shangazi yangu. Hata mara ya kwanza yalikuwamo, ila mimi sikujua."

"Basi makala yako ni ya uongo."

"Si uongo, Profesa. Ni ujinga."

Profesa aliandika, akafunga faili. Baada ya mwezi majibu yakaja: cheo hakuna, makala ile iondolewe, na ikiandikwa nyingine, jina la Telesia litangulie.

Dionis aliipeleka barua Wanging'ombe. Akamsomea shangazi neno kwa neno, akamweleza kuwa jina lake sasa litasomwa hadi Ujerumani. Mama yule alisikiliza kwa heshima zote, mikono mapajani. Kusoma kulipokwisha akakohoa.

"Kwa hiyo, baba, sasa naruhusiwa kuweka majivu?" akauliza. "Wateja waliniacha. Miaka sita nangoja uniambie."