Mizizi ya Mugumo wa Kaloleni

Uvumi ulianzia pale mferejini wanapoteka maji, Kaloleni, na Kamene hakuweza kuutoa kichwani: atakayeukata ule mti mtakatifu, mugumo, atamzika mtoto wake.

Na aliyeitwa kuukata ni mumewe Mutunga, mchonga vinyago.

Mugumo ule ulimea juu ya mti mwingine, ukaukumbatia mpaka ukaumeza. Zamani wazee waliombea mvua chini yake. Ndege walishiba tini zake, watoto wakacheza kivulini. Sasa mizizi ilikuwa imepasua paipu, na maji yakatoka na matope.

"Sisi Wakikuyu hatuugusi," jirani yao Kiarie alimwambia Mutunga. "Lakini wewe Mkamba, mti haukujui."

"Kwani Ukambani tunatambikia mchongoma?" Mutunga akacheka. "Hata kwetu ni mwiko. Basi mti siugusi. Nitakata mizizi tu, ya upande wa paipu."

"Baba Jacklyne, achana nao," Kamene akamsihi.

"Mama Jacklyne, unaogopa mti kuliko kipindupindu?"

Akakata. Siku hiyo Kamene alimfungia binti yao nyumbani, asilione hata shoka. Tangu hapo kila asubuhi alimgusa paji la uso, akamuuliza ameota nini.

"Mathe, niko fiti!" Jacklyne alimcheka.

Kila akienda kuteka maji, Kamene aliona udongo umeinuka na kupasuka pale mizizi ilipokatwa. Akauruka ule ufa, ndoo kichwani, akaenda zake. Laana aliitafuta mwilini mwa mtoto.

Masika yakaingia. Jioni moja mvua ilimkuta Jacklyne akitoka shule, akakimbilia chini ya mugumo, pale alipojikinga tangu utotoni. Mti haukuvunjika. Ulimlalia mzimamzima, na udongo wake, kama mtu aliyechoka kusimama kwa mguu mmoja.

Matangani watu walinong'ona: si tulisema? Mutunga aliinamia mikono yake. Kamene ndiye aliyeinua kichwa.

"Laana gani, jamani? Ufa niliuona. Niliuruka."

Sasa kila mama anayekuja mferejini na mtoto, Kamene humshika mkono na kumwambia:

Usikate mizizi ukadhani umeuacha mti.

Usiruke ufa ulio chini ya mti. Piga kelele, watu waondoke.

Usimwache mtoto ajikinge mvua chini ya mti uliokatwa mizizi.

Usimpime mtoto homa ya uvumi, na udongo hujautazama.