Alama Mgongoni mwa Eulalie

Kwa miaka kumi na miwili Eulalie aliwabebea watu magunia sokoni Nyawera, na mgongo wake ulijulikana pale kuliko jina lake. Aliulinda kama mboni ya jicho. Lakini alipojifungua mara ya kwanza, hospitalini walimchoma sindano ya ganzi mgongoni mara nne, wakakosa zote nne, na mkunga mmoja akasema huu mgongo ni wa chuma. Maneno hayo yalimkaa moyoni miaka sita.

Leo alikuwa na uchungu wa kuzaa tena, presha yake imepanda, na daktari aliitaka tena sindano ileile. Eulalie alikubali kwa sharti.

"Mara moja tu. Mukikosa, nazaa hivi hivi."

Gracien, mtaalamu wa ganzi, hakubisha. Alimkalisha kitandani ameinama, akampaka mafuta ya ekografi, mashine ya kuonyesha ndani ya mwili, akaanza kupitisha kichwa cha mashine mgongoni. Cibalonza, mama mkwe aliyekuwa amemshika mabega, akaruka.

"Ee docta! Mutoto iko mu tumbo, weye unamutafutia mu mugongo?"

"Mutoto iko salama, maman. Natafuta njia ya sindano."

Manesi waliangua kicheko. Eulalie hakucheka, maana uchungu ulikuwa umembana. Ulipopita, Gracien akamgeuzia kioo cha mashine.

"Angalia, maman Eulalie. Mizigo imekupindisha kidogo. Katikati yako iko huku, kidole moja upande wa kushoto. Mugongo yako haina kosa. Ni siye tulikuwa tunachoma pembeni."

Eulalie akalia kwa furaha, tena kwa kelele. Gracien akachukua kalamu ya wino, akachora msalaba mdogo mahali pale.

"Sasa anamuandika kama gunia!" Cibalonza akalalamika.

"Muache, mama," Eulalie akasema huku anajipangusa. "Gunia yenye alama haipotee."

Alichomwa mara moja tu, na sindano ikaingia. Baada ya nusu saa alikuwa anamsimulia nesi umbea wa Nyawera, na kabla ya adhuhuri alimzaa binti mwenye sauti ya mchuuzi.

Siku ya tatu nyumbani, Cibalonza akimkanda kwa maji ya moto, akauona msalaba umefifia.

"Nikufutie?"

"Acha kwanza. Muweke mutoto hapo juu."

Cibalonza akamlaza mtoto, shavu juu ya alama. Mtoto akasinzia papo hapo.

"Huyu," Eulalie akasema, "haiko muzito hata kidogo."