Alisimama Mpaka Amina

Mwalimu Filotea alikuwa na ulimi mkali, lakini ungemwita msengenyaji angekukatalia katakata. Yeye hakusengenya mtu. Yeye alisali.

Alitoka Mahenge, akapangiwa kufundisha Mbwera, kijiji cha delta ya Rufiji, miaka ile maduka ya Kibiti yalipoanza kujaa sabuni na mitumba, na mshahara wa mwalimu ukabaki palepale. Kijijini alikuwa Mkristo peke yake. Kila jioni alipiga magoti akasali kwa sauti, kama alivyofundishwa na mama yake, na sala yenyewe ilikuwa majina ya watu: mwalimu mkuu mvivu, muuza duka mpunjaji, na jirani yake Zaitun, aliyeazima mchi wake akaukalia asiurudishe. Na huyo Zaitun ndiye aliyekuwa rafiki yake wa pekee.

Mpunga ulipotoa masuke, watu walihamia mashambani kuwinga ndege wasiule, wakaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo. Zaitun alikuwa ameahidi kumchukua shule ikifungwa. Akaondoka bila hata kuaga. Filotea akabaki na kijiji kitupu, akipika chakula cha mtu mmoja na kuongea na sufuria. Upweke ulimuuma hasa. Jioni zote Mungu alisomewa habari za Zaitun.

Siku moja Bi Ashura, mama yake Zaitun, aliyebakizwa kijijini na maumivu ya magoti, alimletea mchi wake. Filotea akamwamkia, kisha akauliza kwa nini mwanawe alimtupa.

"Hakukutupa, mwanangu. Kaja jioni kukuchukua, na mchi wako mkononi. Kakukuta unamshtaki kwa Mungu. Kasimama nje mpaka amina, karudi analia."

Jioni ile Filotea alipiga magoti, na la kwanza kumjia mdomoni lilikuwa kwamba Zaitun anasikiliza sala za watu. Akalimeza. La pili, kwamba Bi Ashura kachelewa kusema. Akalimeza nalo. Baada ya hapo hakuwa na la kumwambia Mungu, akaogopa. Miaka yote alimpelekea Bwana makosa ya wenzake, lake hata moja hakuwahi kulipeleka. Akaanza kuyataja yake, kwa sauti.

Asubuhi akapanda mtumbwi kwenda mashambani. Zaitun alimwona toka juu ya dungu, hakuteremka.

"Leo umekuja kumshtaki nani, Mwalimu?"

"Nimeshamshtaki jana. Ni mimi."

Zaitun aliutazama mpunga, ndege wakishuka ng'ambo ya shamba. Mwishowe akamtupia kombeo.

"Upande ule," akasema, "hauna mtu."