Mlio wa Pili

Nilivuta kifyatulio mara ya pili, na bastola ikanyamaza. Nilisikia nyundo ikigonga, tak, kama kijiti juu ya meza, kisha nikasikia viatu vya miiba tu vikishika kasi. Msichana wa njia ya sita alikuwa ameondoka kabla ya mlio wa kwanza. Nilimwona kwa macho yangu. Wakimbiaji wenzake walimfuata wote isipokuwa mmoja, Masika wa njia ya nne. Alisimama baada ya hatua tatu, akageuka kunitazama, akingoja mlio wa kuwarudisha wengine.

Mlio haukuja. Wenzake walimaliza mita mia moja bila yeye.

Ilikuwa Februari 2016, Jumamosi asubuhi, katika uwanja wa riadha mashariki mwa Johannesburg. Siku za kazi nilikuwa napiga picha za eksirei hospitalini. Jumamosi nilikuwa mwanzishaji wa mbio wa klabu yetu ndogo ya vijana. Nilikuwa nimekimbia nikiwa shuleni Nyeri, na nilipohamia huku nilitafuta uwanja kabla sijatafuta kanisa. Bastola ya mwanzishaji haitoi risasi. Ina baruti na kelele, basi. Lakini kelele hizo ndizo sheria yenyewe: mlio wa kwanza huwaachia wakimbiaji, na mtu akiwahi kuondoka kabla yake, mlio wa pili huwarudisha.

Refarii alinijia na daftari lake. "Kuna aliyewahi?"

Wazazi walikuwa wananitazama. Bastola ile niliichagua mwenyewe mwaka uliotangulia, mpya, inang'aa kama kijiko cha harusi, nikaisifu mbele ya kamati nzima.

"Sikuwa na hakika," nilisema.

Refarii akaandika. Masika akaandikwa kuwa hakumaliza mbio, na nafasi yake katika timu ya wilaya ikaenda kwa mwingine. Alikuwa na miaka kumi na tano. Alivua viatu vyake, akavifunga kamba pamoja, akaondoka.

Wiki tatu zilipita bila yeye kuonekana mazoezini. Wiki ya nne nilipanda hadi mtaa wa Berea, ambako mama yake, Léocadie, alikuwa na saluni ndogo chini ya jengo la ghorofa. Léocadie alitoka Butembo, huko Kongo, akiwa na mimba ya Masika, na mikono yake ilisuka haraka kuliko nilivyoweza kufuata. Siku hiyo alikuwa na mteja kitini. Masika alikaa pembeni akitenganisha nywele za bandia. Nilikuwa nimepanga kumwomba Léocadie tutoke nje kidogo. Nilipomwona Masika nikajua kuwa yeye ndiye aliyestahili kunisikia.

"Mama Masika," nilisema, "yule msichana aliwahi. Nilimwona. Bastola ilikataa kulia, na mimi nikaona haya kusema."

Mikono ya Léocadie ilitulia kichwani mwa mteja. "Mtoto aliniambia vile vile. Mi nikamukatalia. Nikasema wewe, mama Nyambura, ni mtu mukubwa, hauwezi kudanganya."

Kwenye redio mtu alikuwa anasoma hali ya hewa kwa Kizulu.

"Niliona mkono wako ukivuta, Anti," Masika alisema bila kuinua macho. "Mara mbili."

Niliwaambia kwamba nilikuwa nimemwandikia refarii. Matokeo hayangebadilika tena, lakini ukweli uliwekwa kwenye faili. Niliwaambia pia kwamba ninatafuta bastola nyingine, ya kutumika miaka na miaka.

"Nani ataichagua?" Masika aliuliza.

"Mimi."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nitakuja."

Fundi tuliyeelekezwa kwake alikuwa na karakana mtaa wa Doornfontein, katikati ya washona nguo Wakongo, ambao aliwatengenezea cherehani. Aliitwa Ameir, mtu wa Unguja, wa umri wangu, mwenye maneno mengi na mfuko wa machenza ambao haukumalizika. Nilimpa bastola yangu. Aliifungua, akaisogeza karibu na taa, akatikisa kichwa.

"Hii zinki, dada, imepakwa rangi ya fedha tu. Angalia hiki kidole kinachosukuma silinda. Kimelika. Silinda haigeuki, basi nyundo inarudi kugonga tundu lile lile lililokwisha lia."

Mwaka mzima nilikuwa nimebeba kosa hilo mkononi, na lingeonekana kwa yeyote ambaye angetazama.

Akatupangia bastola mbili juu ya gazeti. Moja ilikuwa mpya, nyepesi, nzuri kuliko ile yangu. Nyingine ilikuwa ya chuma kitupu, nyeusi, mpini wa mbao umeliwa na viganja vya watu tusiowajua. Alitufundisha kuvuta nyundo, kuishika silinda kwa vidole viwili na kuitikisa, kwa sababu ikicheza pale, itakuja kukataa siku moja. Ile ya bastola mpya ilicheza kidogo sana. Ile ya bastola ya zamani ilikaa kama imechomelewa.

"Lakini msiniamini mimi," Ameir alisema. "Nina mdomo. Twendeni nyuma mkazipige."

Aliwatahadharisha washona nguo, akatupa vizibo vya masikio, na pale uani, kati ya mapipa na kamba za nguo, nikaanza kupiga. Masika alihesabu kwa sauti kubwa. Bastola mpya ilikwama kwenye mlio wa thelathini na nne, masizi yamejaa kandokando ya silinda. Ameir akaipanguza, nikaendelea, ikakwama tena. Ya zamani ililia mara sitini. Ilikuwa nzito, hata mwisho nikaishika kwa mikono miwili.

Nasema kweli, bado niliitaka ile nyepesi. Nilijiona nikisimama nayo vizuri, mkono umenyooka, wazazi wakitazama. Nikasema labda tukiisafisha kila wiki.

Masika aliichukua ile nyeusi, akaielekeza chini kama alivyofundishwa, akavuta kifyatulio polepole mara sita. Silinda ikageuka mara sita.

"Hii," alisema.

"Itanichosha mkono."

"Basi fanya mazoezi."

Ameir alicheka hadi akakohoa chenza. Nikainunua ile nyeusi. Tangu siku hiyo, kila jioni nikirudi kazini, niliinua pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili na nusu, mara ishirini mkono wa kulia, huku maji yakichemka. Masika akarudi mazoezini.

Februari iliyofuata alikuwa tena kwenye mita mia moja, njia ya tatu. Niliwaweka kwenye alama, nikawaamuru kuinua viuno. Katika ule utulivu bega lake likatangulia. Lilitangulia kidogo mno, na tayari mguu ulikuwa umetoka. Mlio wa kwanza ukalia, na kabla sijafikiri, kidole changu kikavuta wa pili. Ukapasuka juu ya uwanja mzima. Wote wakarudi.

Kwa mashindano yale, anayewahi anatoka. Nilitembea hadi njia ya tatu na kadi nyekundu. Jukwaani Léocadie alikuwa amesimama.

"Niliwahi," Masika alisema.

"Ndiyo."

Akavuta pumzi, akaenda kukaa nyasini, akawashangilia wenzake. Alasiri alikimbia mita mia mbili, akawa wa pili, akaingia timu ya wilaya.

Miaka miwili imepita tangu siku ile, na bastola haijakataa hata mara moja. Lakini ninachokumbuka zaidi ni saa ya mwisho ya siku hiyo ya mashindano. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jukwaa nikisafisha bastola, Léocadie akaja akakaa karibu yangu na bakuli la sombe na wali.

"Mi nilisimama nikufokee," alisema. "Mtoto akanipungia mukono, eti nikae."

"Ungenifokea tu."

"Apana. Kula kwanza."

Nikala. Kisha akaanza kunieleza namna majani hayo ya muhogo yanavyotwangwa kwao, na kosa ambalo Wakenya hulifanya wakiyapika, na mimi nikamsikiliza huku nikipitisha brashi kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu, hadi wafanyakazi wakaja kukusanya viunzi vya kuruka.