Mpira Ndani ya Boljointi

Kila Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani ya chai, Ogeto aliinua Landrova ya shamba kwa jeki, akaweka magogo chini ya ekseli, akaanza kutikisa. Alishika gurudumu la mbele juu na chini. Likicheza, alimwomba mwenzake akanyage breki: mchezo ukiisha, ubovu uko kwenye beringi, ukibaki, uko kwenye kingpini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia. Kisha alilala chini ya gari, akafunika kwa kiganja boljointi, kile kifundo kinachounga vyuma vya usukani na gurudumu, na mwenzake akaupeleka usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo. Boljointi nzima hukaa kimya. Iliyolika hugonga kiganja, kama kifaranga anayetaka kutoka kwenye yai.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mwenzake Ogeto alikuwa Bethwel, dereva wa Landrova hiyo, na Bethwel hakuacha kuja kazini baada ya kufa.

Alifika na koti lake la mvua, akafuta viatu mlangoni, akapanda kwenye kiti. Watu wa gereji walimsalimu. Nyapara Mogaka ndiye aliyenung'unika, akisema marehemu hana haki ya chai ya kampuni, lakini Phelis wa jikoni aliendelea kumjazia kikombe.

Bethwel alikufa kwenye mvua za masika za mwaka 1968, kwenye kona ya kuteremkia mtoni, upande wa Kimulot. Landrova ilikataa kukata kona, ikaenda kushoto mpaka kwenye mawe. Ikasemwa alikuwa amelewa, ingawa tangu aokoke hakuwa ameonja kitu kikali kuliko mursik, maziwa ya kibuyuni ya nyumbani kwao.

Ogeto aliijua sababu. Wiki ile boljointi ya kushoto ilimgonga kiganja, na nyingine ilikuwa haijafika kutoka Kericho mjini. Majani yalikuwa yamerundikana kwenye vituo vya kupimia, na majani mabichi yakilala hupata joto, yakaharibika. Basi akafanya walivyofanya mafundi wengi wa milimani: alikata kipande cha tyubu ya baiskeli yake, akakishindilia ndani ya boljointi pamoja na grisi nzito, akafunga. Ikitiwa hivyo hunyamaza siku chache. Alikusudia kumwambia Bethwel jioni aende polepole. Jioni mvua ilinyesha, akakimbilia nyumbani.

Landrova ilinyooshwa, ikatiwa boljointi mpya. Jumatatu iliyofuata Bethwel alipotikisa usukani, kiganja cha Ogeto kikagongwa. Ogeto hakupenda kulaumu chuma kimoja kabla ya kukagua vingine. Akabadilisha beringi, kingpini na bushi za springi. Mwishowe akaifungua boljointi. Ndani mlikuwa na kipande cha tyubu, chenye kiraka alichokibandika kwa mkono wake. Akakitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia, akafunga boljointi nyingine mpya. Jumatatu nyingine kipande kilikuwemo tena, na kiraka chake. Kopo likaanza kujaa.

"Bado?" Bethwel aliuliza kutoka juu.

"Bado inacheza."

"Wewe Mkisii, labda ni huo mkono wako ndio unacheza."

Kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, kamati ya shamba ilikuwa ikijadili nyumba ya mjane wake, Chepngeno. Mjane wa dereva aliyekufa kwa ajali alibaki na nyumba. Wa mlevi aliondoka. Bethwel alijitolea kueleza, lakini kamati ikasema haipokei ushahidi wa marehemu, maana ana upande katika kesi. Neno la fundi ingelipokea.

Chepngeno alikuja gereji mwenyewe. Akiwa chini ya gari, Ogeto aliona viatu vyake vya mpira, na udongo mwekundu umevipanda.

"Baba Bitutu, sina maneno mengi. Kesho kamati inakaa. Siku ile, gari ilikuwa nzima?"

Usukani ulisimama. Kopo lilikuwa kando ya kichwa cha Ogeto. Ingetosha kulisukuma kwa kiwiko, nalo lingefika miguuni pa Chepngeno. Aliwaza kazi yake, na nyumba yake mwenyewe katika laini zilezile, na mtoto wake Bitutu aliyelala humo.

"Ilikuwa nzima, Mama Chepchumba."

Juu, usukani ukaanza tena, kushoto, kulia. Chepngeno alimwuliza mumewe kama amekunywa chai. Akasema amekunywa. Chepngeno akawashukuru wote wawili, akaenda.

Jumamosi vyombo vyake vilipakiwa kwenye Landrova hiyohiyo, kupelekwa kwa kaka yake huko Longisa. Ogeto alikibeba kitanda peke yake, akakataa kusaidiwa. Kwenye kona ya mtoni gari lilivuta kushoto, na Johana, dereva mpya, akalivuta kulia bila kukatiza maongezi. Alikuwa ameshazoea.

Jumatatu Bethwel alikuja, akafuta viatu. Phelis alimletea chai, na kwa Ogeto akaleta kopo jingine tupu ambalo fundi huyo aliliomba jikoni, kwa kuwa la kwanza lilikuwa limejaa. Phelis hakumwuliza la nini. Ogeto akalala chini, akaweka kiganja.

"Bado?"

"Bado."

"Haya," alisema Bethwel, akashika usukani. "Weka mkono vizuri."